Munkoyo: Kinywaji cha Siku Tatu na Ardhi ya Lualaba

Mzizi wa munkoyo hauna sura ya kumvutia mnunuzi. Unauzwa kwa mafungu, rangi yake ni ya udongo, na asiyeujua angedhani ni kuni za kuwashia moto. Lakini bila mzizi huo uji wa mahindi unabaki uji. Ukitiwa, uji mzito unalegea, unakuwa majimaji, unapata utamu ambao hakuna aliyeuongeza, na kesho yake ni kinywaji. Kugeuka huko ndiko kunakonishughulisha, pamoja na ardhi inayouotesha mzizi wenyewe, kwa maana ardhi hiyo inapungua mwaka hadi mwaka kuuzunguka mji wa Kolwezi, jimboni Lualaba, Kongo.

Nitaanzia mbali, kwenye mvinyo. Wenye mashamba ya mizabibu Ulaya wamefanya jambo ambalo sisi wa ukanda wa shaba hatujalifanya kwa kinywaji chetu: wameifanya ardhi kuwa sehemu ya jina la kinywaji. Kando ya mto Loire, Ufaransa, katika kijiji cha Savennières, kuna shamba liitwalo Coulée de Serrant. Ukubwa wake ni hekta 7 hivi tu. Watawa wa shirika la Wasistersia walipanda mizabibu hapo mwaka 1130, na mizabibu imeendelea kulimwa hapo tangu enzi hizo. Zabibu ni za aina moja, chenin. Familia ya Joly ndiyo inayolimiliki leo, na katika miaka ya 1980 Nicolas Joly aliacha dawa za viwandani alizokuwa ameshauriwa kuzitumia, akaliingiza shamba lote katika kilimo cha biodinamiki.

Kilimo hicho kina asili inayojulikana. Juni 1924, katika kijiji cha Koberwitz karibu na Breslau, mji ambao leo ni Wrocław wa Poland, Rudolf Steiner alitoa mihadhara minane kwa wakulima waliolalamika kwamba mashamba yao yamechoka. Aliwaambia shamba ni kiumbe kimoja: mimea, mifugo, udongo na watu wake vinapaswa kulishana vyenyewe kadiri iwezekanavyo, bila mbolea ya kununua. Hapo alikuwa na hoja. Kisha akaongeza mengine. Pembe ya ng'ombe ijazwe samadi na kufukiwa majira yote ya baridi. Ifukuliwe, samadi ile ikorogwe kwenye maji kwa saa nzima, ikizungushwa upande huu na upande ule. Halafu inyunyizwe shambani kwa kiasi kidogo mno. Wafuasi wake baadaye wakaongeza kalenda ya mwezi na nyota.

Ni haki kuyatenganisha hayo mawili. Huko Therwil, Uswisi, tangu mwaka 1978 kumekuwa na mashamba ya majaribio yanayolinganisha kilimo cha biodinamiki, kilimo hai cha kawaida na kilimo cha mbolea za viwandani. Matokeo ya miaka 21 yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba mavuno ya mashamba yasiyotumia kemikali yalipungua kwa asilimia 20 hivi, lakini udongo wake ulikuwa na uhai zaidi, minyoo mingi zaidi, na ulitumia mbolea kidogo sana kwa kila gunia lililovunwa. Sifa hiyo ni ya samadi, mboji na mzunguko wa mazao. Upande wa pembe na nyota hauna ushahidi wa namna hiyo: jaribio la mizabibu huko California, lililochapishwa mwaka 2005, halikuona tofauti katika ubora wa udongo kati ya sehemu zilizonyunyiziwa dawa za Steiner na zile zilizolimwa kwa kilimo hai bila dawa hizo. Nami naona hivyo: wazo la shamba kuwa mwili mmoja ni wazo zuri linalosimama lenyewe, halihitaji pembe. Na pembe hiyo isingefaa Lualaba kwa vyovyote, maana inasubiri majira ya baridi yenye barafu, na Kolwezi ina mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kikavu.

Kwa sababu hiyohiyo mzabibu si mmea wa kwetu. Unahitaji kulala. Dodoma, Tanzania, ambako wamisionari Wakatoliki waliupanda na wakulima wa Hombolo na Makutupora wakauendeleza, hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huulazimisha kwa kuupogoa na huvuna mara mbili kwa mwaka. Dodoma ni kukavu, ndiyo maana inawezekana. Kolwezi, iliyo juu ya mita 1,400 na yenye mvua nzito, zabibu zingeoza zikiwa bado mtini.

Basi mvinyo wa Coulée de Serrant una sifa ya kukaa. Hunywewa ukiwa na miaka kumi, ishirini na zaidi, na sababu yake haina muujiza. Chenin ina asidi nyingi. Asidi hiyo, pamoja na kileo cha asilimia 13 au 14, huwazuia bakteria wengi kuishi ndani yake. Kizibo cha koki kinapitisha hewa kidogo sana. Katika giza na ubaridi wa ghala, asidi na kileo huungana polepole na kuzaa harufu ambazo hazikuwepo. Harufu ya tunda bichi inapisha asali na nta. Rangi ya manjano hafifu inakolea kuelekea dhahabu. Kila mwaka chupa hubadilika kidogo, na mnunuzi anailipia miaka hiyo.

Munkoyo nao hukua kiumri, ila umri wake unahesabiwa kwa saa.

Unga wa mahindi hupikwa kwa maji mengi mpaka uive hasa. Wanga usioiva haufunguki, na mzizi hauna la kufanya nao. Kisha sufuria inaepuliwa na kuachwa ipoe, na hapo ndipo penye ufundi. Ndani ya mzizi mna vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, vya jamii ileile inayopatikana kwenye kimea cha mtama au shayiri. Uji ukiwa wa moto kupita kiasi, vinakufa na kazi yote imeharibika. Ukiwa umepoa sana, vinafanya kazi kwa uvivu. Mama aliyezoea anaweka kiganja ubavuni mwa sufuria na kujua. Mzizi umeshatwangwa hadi umeachana nyuzinyuzi, umelowekwa, anautia, anakoroga. Mwanzoni mwiko unakokotwa kwa nguvu ya bega. Haujapita muda mrefu, mkono wenyewe unatoa habari: mwiko unapita bila kizuizi, uji umekuwa maji mazito ya rangi ya maziwa, na ukionja ncha ya kidole kuna utamu. Sukari hiyo ilikuwa ndani ya mahindi tangu mwanzo, imefungwa tu. Nyuzi zinaondolewa, kinywaji kinafunikwa, kinaachwa kilale.

Usiku huo wengine wanaingia kazini. Bakteria wa asidi ya maziwa, waliotoka kwenye mzizi, kwenye unga na kwenye chombo, wanaanza kula sukari na kutoa uchachu. Utafiti kuhusu munkoyo wa Kongo uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia uchachukaji huo unaojianzisha wenyewe bila chachu ya kununua, na tafiti za Zambia zilizofuata zilionyesha bakteria hao wakitawala kinywaji. Uchachu ndio ulinzi wake: asidi ikipanda, vijidudu vingi vya magonjwa ya tumbo haviwezi kustawi. Asubuhi munkoyo una utamu na uchachu pamoja, na kileo chake ni kidogo kiasi kwamba watoto hunywa, wagonjwa hunywa, na mtu anayetoka shambani mchana huunywa kama chakula. Siku ya pili hamira za asili zinapata nguvu. Kuna povu, kuna ukali kwenye ulimi, utamu umepungua. Siku ya tatu ni kinywaji cha watu wazima. Baada ya hapo uchachu unashinda kila kitu, na kinachobaki kinamwagwa.

Kwa nini hauwezi kukaa kama mvinyo? Kwa sababu ungali hai. Kileo chake ni hafifu, hakitoshi kuwasimamisha bakteria. Una wanga uliobaki na sukari ya kuliwa. Na chombo chake kinafunguliwa kila mnywaji anapofika. Viwanda vya Zambia vinauza munkoyo kwenye chupa za plastiki, na vimefanya hivyo kwa kuupasha moto ili uhai huo usimame. Chupa hizo zinasafiri mbali na kukaa rafuni kwa muda mrefu. Siyalaumu mauzo yao, lakini kinywaji kilichomo humo hakina asubuhi wala jioni, na ladha yake ni ileile kutoka mfuniko hadi mwisho wa tarehe.

Kinachozeeka kwa namna ya mvinyo katika munkoyo ni vitu vingine. Kimojawapo ni chombo. Kibuyu au mtungi wa udongo uliotumika muda mrefu hausuguliwi kwa sabuni. Vinyweleo vyake vimehifadhi bakteria na hamira za munkoyo uliopita, na munkoyo mpya unaomiminwa humo unaanza kuchachuka mapema na kwa ladha inayofanana na ya jana. Nyumba mbili zenye unga uleule na mzizi uleule zinaweza kutoa vinywaji viwili tofauti. Bidoni la plastiki ni jepesi na halivunjiki, ndiyo maana limeshinda, lakini kuta zake laini hazihifadhi vijidudu kama udongo na kibuyu vinavyofanya. Binti anayerithi mtungi wa bibi yake anarithi pia viumbe vilivyomo, hata kama hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Kingine ni mzizi, na mzizi hauna mrithi aliyeandikwa popote.

Mimea inayotumika si ya aina moja. Rhynchosia insignis, Eminia harmsiana na Vigna nuda zote zinatajwa na wataalamu wa mimea, na zote ni za jamii ya kunde. François Malaisse, aliyefanya kazi miaka mingi Lubumbashi na kuandika mwaka 1997 kitabu kikubwa kuhusu vyakula vya misitu ya miombo, ameonyesha jinsi misitu hiyo inavyolisha watu kwa uyoga, matunda, viwavi, asali na mizizi. Rhynchosia insignis ni mmea wa kimiombo hasa. Juu ya ardhi ni mfupi. Kiangazi moto unapopita majani yanateketea na mpita njia angedhani umekufa. Mwili wake mkubwa uko chini, mgumu kama mti, ukingoja mvua. Ndiyo maana umeweza kuishi na moto wa porini kwa vizazi visivyohesabika. Kitu ambacho haukuumbwa kukivumilia ni jembe linaloung'oa wote. Anayechimbua mzizi mzima ameondoka na mmea mzima, na wachimbaji wanapokuwa wengi kuliko mvua za kuotesha mipya, mtu analazimika kwenda mbali zaidi kila msimu.

Jembe la mwanamke anayetafuta mizizi, hata hivyo, si chanzo kikubwa cha upungufu. Makaa yanakula miombo kwa kasi kubwa zaidi, na makaa hayo ndiyo yanayopikia bukari, yaani ugali, na uji wa munkoyo wenyewe. Kisha kuna shimo la mgodi.

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na Kolwezi ikawa mji mwaka 1937 kwa sababu ya shaba. Gécamines, kampuni ya Dola, ilirithi migodi baada ya kutaifishwa, na tangu miaka ya 2000 kampuni za kigeni zimegawana sehemu kubwa ya ardhi yenye madini kwa leseni. Mwaka 2015 Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Mwaka 2021 mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi ya mji, ulianza kutoa shaba. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kwa miaka ya karibuni imekuwa zaidi ya asilimia 70. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba uani, sebuleni, chini ya vitanda. Mji ambao watu wake huchimba ndani ya vyumba vyao hauna pori la karibu la kuvunia mizizi.

Hapa ndipo habari ya ardhi ya Savennières na habari ya ardhi ya Lualaba zinapoachana kabisa. Kule swali la kinywaji kimetoka udongo gani ni swali la ladha: mnywaji anataka kujua kama ni mwamba wa sleti au mchanga. Kwetu ni swali la afya. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na mitambo ya kuyeyushia madini Katanga, na kobalti waliyoipata ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Mwaka 2018 walirudi kwenye jambo hilo huko Kasulo: wakazi wa mtaa uliochimbwa walikuwa na kobalti nyingi kuliko wakazi wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na watoto ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Vumbi linaingia kwa pumzi na linatua juu ya mboga na maji.

Mzizi hukua miaka kadhaa ndani ya udongo, kisha hutwangwa na kuzamishwa kwenye chakula. Kama kuna kitu sokoni ambacho mnunuzi angepaswa kujua kimechimbuliwa wapi, ni hicho. Kuna vilima vya shaba vyenye mimea yake ya pekee, takriban aina 600 kwa hesabu ya wataalamu, na mojawapo, Crotalaria cobalticola, ni ya jamii hiyohiyo ya kunde na imepewa jina kwa sababu inakaa kwenye udongo wa kobalti. Mimea hujenga uhusiano wake na madini kila mmoja kwa njia yake. Wauza mizizi wa zamani walijua vilima vyao kwa macho. Walijua wapi panaota mti na wapi panaota majani mafupi tu, na walichagua. Ujuzi huo ulikuwa unapita kinywani. Sasa fungu linapita mikono mitatu au minne kabla ya kufika Manika au Dilala mjini Kolwezi, na kilima kimeachwa nyuma.

Sheria haimsaidii sana mchimbaji mizizi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya Dola. Kanuni ya madini ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, inamlazimu mwenye leseni amlipe fidia mtu ambaye mazao au nyumba yake imeharibiwa, na marekebisho yale yaliongeza kwamba angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi itengwe kwa maendeleo ya jamii zilizouzunguka. Ni hatua ya haki. Lakini fidia inahesabu kilichopandwa. Mhogo una safu, mahindi yana safu, mwembe una kivuli kinachopimika. Kichaka cha Rhynchosia kilichoota chenyewe hakikupandwa na mtu, kwa hiyo karani anapopita na daftari lake hakioni, hata kama mama watatu wa kijiji wamekivunia miaka yote ya ndoa zao.

Familia ya Joly ina hati, ukuta, na jina kwenye chupa. Kilichowawezesha watawa wa mwaka 1130 na familia ya leo kulima mizabibu mahali palepale ni kwamba kila kizazi kilijua mipaka iko wapi na nani ana haki ya kung'oa. Sifikirii kwamba Lualaba inahitaji kuta. Inahitaji jambo moja la msingi ambalo biodinamiki imelisisitiza kwa usahihi: kwamba kinywaji kisitenganishwe na mwili kilikotoka. Mahindi ya munkoyo wa Kolwezi mara nyingi ni ya Zambia, na kila Zambia inapofunga mpaka wa mahindi bei ya unga inaruka hapa. Mzizi ndio sehemu ya kinywaji ambayo bado ni ya hapa. Ukipotea, tutabaki na uji wa unga wa kuagiza na ladha ya kuagiza.

Kuna watu wanaojua kufanya kazi inayohitajika. Kwenye vilima vya Tenke na Fungurume, wataalamu wa mimea wa Lubumbashi na wa Gembloux, Ubelgiji, wameshirikiana na mgodi kuhifadhi mimea ya shaba kabla kilima hakijachimbwa: kuvuna mbegu, kuhamisha udongo wa juu pamoja na mizizi iliyomo, kuotesha upya kwingine. Mbegu za jamii ya kunde huwa na ganda gumu na zinahitaji kukwaruzwa ili maji yaingie. Hilo kila bwana shamba analijua. Mimea ya munkoyo ingeweza kuingizwa kwenye kazi hiyohiyo, na kwenye mipango ya kurudisha mimea ambayo Kanuni ya Madini inawadai wenye leseni. Inafaa pia iingizwe kwenye orodha ya fidia, kwa jina, kama mhogo ulivyo. Na sokoni, fungu linaweza kuuzwa pamoja na jina la mahali lilipochimbuliwa. Wauza asali na wauza samaki wa ziwa Nzilo hutaja mahali bila kuulizwa, kwa kuwa wateja wao wamewazoesha.

Asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi mmoja mkubwa ni fedha nyingi, na kamati zinazoamua matumizi yake zina viti vya wawakilishi wa vijiji. Mama wanaopika munkoyo wanastahili kukaa kwenye viti hivyo. Hoja yao ya kwanza inaweza kuwa ndogo na ya haraka: mbegu zivunwe sasa kutoka vilima ambavyo leseni zake zimeshatolewa, mwishoni mwa mvua maganda yanapokauka, kabla mashine hazijapanda.